Chai ya Wenye Chai

Methali isemayo kwamba penye miti hapana wajenzi hutumiwa sana na watu wasiopenda kuuliza wajenzi wamekwenda wapi. Huitamka kama hukumu ya maumbile, wakashusha pumzi, kisha wakaendelea na safari yao. Katika Nyanda za Juu Kusini methali hii yapaswa kuulizwa upya, nayo yapaswa kuulizwa juu ya kikombe cha chai. Mbeya na Iringa ni miji iliyo jirani na chai kwa kila upande wa maana. Lakini mtu aingiaye katika miji hiyo kwa nia ya kutafuta mgahawa utoao chai njema hutafuta kwa taabu kitu kilichoota kandokando ya njia aliyoijia. Taabu hiyo si ya maumbile, wala si ya umaskini, wala si ya ulimi wa wenyeji. Ni taabu ya mazoea. Na mazoea yaliyofanywa na watu yaweza kuvunjwa na watu.

Habari za jani lenyewe si siri. Wajerumani waliijaribu chai huko Amani, katika milima ya Usambara, na huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926. Mufindi na Rungwe zikawa nchi za chai. Mashamba makubwa yakashikwa na walowezi, kisha na makampuni, na Brooke Bond ya Waingereza ikawa jina kubwa Mufindi hata iliponunuliwa na Unilever mwaka 1984. Baada ya Uhuru wa 1961 wakulima wadogo nao waliingia katika kilimo hicho, wakapanda chai penye migomba na mahindi yao. Leo mtu apandaye kutoka Uyole kwenda Tukuyu huona vichaka vilivyokatwa sawasawa kama zulia. Na aiachaye barabara kuu pale Mafinga kuingia Mufindi huiona chai ikipanda na kushuka vilima mpaka macho yachoke. Mvua ipo, udongo wenye uchachu upendwao na mmea huu upo, na baridi ya milimani ilikawizayo jani lisikue kwa pupa nayo ipo. Maumbile yamekwisha toa mchango wake.

Magunia ya chai hiyo hupita wapi? Chai ya Rungwe hushuka hata Uyole, ikaingia barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Chai ya Mufindi huikuta barabara hiyo hiyo Mafinga. Zote mbili hupita Ipogolo, chini ya mlima ambao mji wa Iringa umekaa juu yake. Kwa miaka mingi safari yake iliishia katika mnada wa Mombasa; tangu Novemba 2023 umekuwapo mnada wa Dar es Salaam pia. Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Hivyo mama lishe wa Ipogolo huiona chai ikipita mbele ya jiko lake kila siku, imefungwa vizuri, imepewa daraja, imeonjwa na wajuzi. Kisha yeye huinama akachota katika pakiti ya dukani kitu asichojua kilitoka bonde gani wala kilikaushwa mwaka gani. Hapana dhambi yake katika jambo hilo. Lakini jambo lenyewe ni dhambi ya mtu fulani, na si haki kuliacha lipite kama lori.

Na aanze mtafutaji wa chai njema katika Mbeya. Akiamka alfajiri akaenda Mwanjelwa, au akazunguka kando ya Soko la Matola, atakuta chai kila pembe. Chupa za kuhifadhi moto zimepangwa mezani kama askari wa gwaride, sahani ya maandazi ubavuni, bakuli ya sukari mbele. Hatakosa chai. Atakachokosa ni jibu. Akiuliza, "Hii ni chai ya wapi?" atatazamwa kama mtu aulizaye jina la baba wa maji ya mtoni, na ataambiwa, "Ni chai tu." Akivuka kwenda Iringa, akashika njia ya Miomboni, akazunguka Soko Kuu, akapanda hata Kihesa kwenye vyumba vya wanafunzi, atasikia maneno hayo hayo: chai tu. Akiona haya ya kuuliza barazani, akaingia katika hoteli yenye vitambaa vya meza, atapewa kikombe cha maji yaliyokwisha anza kupoa, na pembeni kifuko chenye uzi na karatasi ya jina la kigeni. Hapo hata "chai tu" hapana. Pana uzi tu.

Maneno hayo mawili, "chai tu", ndiyo adui wa insha hii. Ni maneno mafupi, lakini yamebeba hukumu ndefu: kwamba chai haina nchi, haina daraja, haina umri, haina mpishi. Ni kitu cha kusindikizia andazi. Lugha yenyewe imekuwa shahidi wa dharau hiyo. Katika Kiswahili cha kila siku, kunywa chai ni kula chakula cha asubuhi, hata kama mtu hakugusa chai. Andazi hupimwa, chapati hutazamwa unene, lakini kinywaji kilichoipa saa ile jina hakipimwi na mtu. Mtoa rushwa huombwa "chai". Vijana wakisikia habari isiyosadikika husema kwamba hiyo ni chai. Neno lililotoka Uchina, likapita Uajemi na India likiheshimiwa kila lilipofika, limefika mwambao na bara likapewa kazi ya kufunika hongo na uongo. Wataalamu wa lugha huandika mabadiliko ya maana kama hayo katika daftari zao kwa furaha. Ingefaa pia waulize kwa nini neno la kinywaji ndilo lililopatikana kwa urahisi pale watu walipotaka jina la kitu duni.

Kabla ya kuwajibu watetezi wa mazoea, ni lazima kueleza chai njema ni nini, ili ugomvi usiwe wa mapenzi matupu. Mchumaji mwema huchukua majani mawili na chipukizi. Jani hilo hunyaushwa ili lipoteze maji, kisha hukatwa na kusagwa. Katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki hupitishwa kati ya magogo ya chuma yenye meno, mtambo uliobuniwa Assam mwaka 1930. Halafu huachwa livute hewa mpaka rangi ya kijani igeuke shaba, na hapo ndipo harufu na ukali wake huzaliwa. Mwisho hukaushwa kwa moto, likachekechwa kwa ukubwa wa punje. Kilo moja ya chai kavu hula kilo 4 na nusu, au karibu na hizo, za jani bichi. Kazi ya mikono mingi imo katika kijiko kimoja.

Wala asidanganywe mtu kwamba udogo wa punje ni kosa. Vumbi la chai lililotoka katika jani zuri lina nguvu na rangi, na wanunuzi hodari hulilipia bei njema. Kosa ni nyuzi na vijiti vilivyochanganywa na vumbi hilo. Kosa ni umri. Kosa ni ghala. Chai hunyonya harufu kama kitambaa kinyonyavyo maji. Ikikaa miezi dukani kati ya sabuni na mafuta ya taa, itakunywa duka zima kabla ya mtu kuinywa yenyewe. Kisha huja kosa la jiko. Jani lililokufa hutiwa katika sufuria, likachemshwa hata maji yawe meusi, kwa imani kwamba weusi ni nguvu. Weusi huo ni uchungu ulioteswa ukatoka. Harufu imekwisha paa na mvuke. Baadaye hutiwa tangawizi nyingi, si kwa kupamba bali kwa kuziba pengo, na sukari nyingi, si kwa utamu bali kwa kuomba msamaha. Mwisho huingizwa katika chupa na kungoja wateja hata saa nne. Mtu akinywa hiyo akasema chai haina ladha, amesema kweli juu ya kikombe na uongo juu ya jani.

Hapana ugomvi hapa na chai ya maziwa iliyochemshwa, wala na iliki, wala na mchaichai. Chai ya maziwa ni mapishi yenye adabu zake, na mpishi aijuaye huanza na viungo, hungoja maji yakolee, hutia jani mwishoni, huliacha kwa kipimo, kisha huchuja. Wala hapana ugomvi na chai ya rangi, ambayo wengine huiita strungi na watu wa pwani huiita ya mkandaa. Lakini strungi ndiyo kikombe kisichoweza kusema uongo, maana hakina maziwa ya kujifichia. Mtafutaji wa mgahawa mwema aanze nayo. Aombe chai ya rangi bila sukari kwanza. Ikiwa nyekundu yenye kung'aa kama shaba, ikiwa harufu yake imetangulia mkono, ikiwa ukali wake unauma ulimi kidogo kisha ukauacha safi, amefika. Ikiwa nyeusi isiyopenya mwanga, na uchungu wake ukakaa kooni kama deni, amshukuru mwenye mgahawa kwa adabu, alipe, aondoke. Aulize tena chai ilipikwa saa ngapi. Aombe kuliona jani lenyewe. Maswali hayo matatu, juu ya rangi, saa na jani, yana faida kuliko ubao wowote wa mlangoni. Mtafutaji akumbuke pia kwamba Mbeya imekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Mahali kama hapo maji hayana moto wa kupoteza. Kumletea mtu kikombe cha maji mezani na kifuko kando ni kumnyima chai kwa ukarimu.

Sasa wasikilizwe watetezi. Wa kwanza husema kwamba wenyeji hawana ulimi wa chai. Wamezoea weusi na sukari, nao hawatatambua tofauti. Neno hili husemwa na watu wenye elimu kwa sauti ya huruma, nalo ni tusi. Mkoa wa Mbeya ndio wenye mchele wa Kyela. Mwanamke wa Mbeya asiyewahi kusikia neno "daraja" katika maisha yake huchota mchele kiganjani, akaunusa, akasema huu ni wa Kyela na huu umechanganywa. Na mwuzaji hubisha kwa haya, maana ajua amekamatwa. Jina la Kyela limesafiri mpaka masoko ya Dar es Salaam, ambako hata mchele usiowahi kuiona Kyela huvikwa jina hilo ili upate bei. Watu wanaonusa mchele kwa ustadi kiasi hicho hawana pua mbovu katika chai. Hawajapewa chai ya kunusa.

Iringa nayo ina ushahidi wake, na ushahidi wa Iringa ni ulanzi. Wakati wa mvua, mianzi ikigemwa, mnywaji wa ulanzi hutofautisha ule mtamu wa kutwa moja na ule uliokaa ukawa mkangafu, na humwambia mgema wazi kama ametia maji. Methali yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini methali hiyo yenyewe yathibitisha kwamba kuna mtu ajuaye kwamba maji yametiwa. Katika chai, maji yametiwa kwa miaka mingi, na hapana mtu aliyesema neno, kwa sababu hapana mtu aliyeonjeshwa kikombe cha kulinganishia. Ulimi haukosi, mfano ndio uliokosekana.

Mtetezi wa pili hutaja umaskini. Husema kwamba chai njema ni ghali, na mnywaji wa barazani hawezi kuilipia. Hoja hii yaheshimika zaidi, basi na ijibiwe kwa hesabu. Kikombe kimoja kinahitaji gramu 2 na nusu za chai, na kilo moja basi hutoa vikombe 400. Tuseme chai njema imezidi chai mbovu kwa shilingi 4,000 kwa kilo nzima. Ziada hiyo ikigawanywa kwa vikombe 400, kila kikombe kimezidi kwa shilingi 10. Sukari ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, vijiko viwili vya gramu 5 kila kimoja ni shilingi 30. Mnywaji akipunguza kijiko kimoja tu, kwa kuwa chai njema haihitaji kufichwa, ameokoa shilingi 15, ameilipia chai njema, na bado ana shilingi 5 mkononi. Bei zaweza kupanda na kushuka; uhusiano wake haubadiliki sana. Jani ndilo sehemu ndogo ya gharama ya kikombe, na ndilo linalobaniwa kuliko vyote. Mkaa haubaniwi, sukari haibaniwi, ila jani. Huo si umaskini. Ni uchumi uliogeuzwa kichwa chini.

Mtetezi wa tatu ni mtu mzito zaidi, naye huvaa tai. Husema kwamba chai ni zao la fedha za kigeni, na kila kilo inywewayo nyumbani ni kilo iliyonyimwa hazina. Hoja hii hudhani kwamba soko la nyumbani ni mwizi wa soko la nje. Historia ya chai yasema kinyume. Mwanzoni mwa karne ya 20 chai ya India ilipandwa kwa ajili ya vikombe vya London, na Mhindi wa kawaida hakuwa mnywaji wa chai. Wenye mashamba, walipoona bei ya nje ikiyumba, walifanya kampeni ya miaka mingi kuwafundisha watu wa nchi kuinywa. Leo India hunywa yenyewe sehemu nne katika tano za chai yake, nayo bado ni miongoni mwa nchi zinazouza nje kwa wingi. Uturuki ilijenga kiwanda chake cha kwanza cha chai huko Rize mwaka 1947, miaka zaidi ya 20 baada ya Tanganyika kuanza biashara hiyo. Leo Waturuki hunywa karibu chai yao yote, zaidi ya kilo 3 kwa mtu kwa mwaka, nao humcheka mtu ampaye mgeni chai iliyolala. Nchi inayokunywa chai yake ina hakimu wa chai katika kila nyumba. Nchi isiyokunywa chai yake hungoja kuambiwa na wengine chai yake ina thamani gani.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la starehe likawa la haki. Mkulima mdogo wa Rungwe hulipwa kwa kilo ya jani bichi. Bei hiyo hutegemea kiwanda, na kiwanda hutegemea mnada, na mnada hutegemea wachanganyaji wa ng'ambo ambao kwao chai ya Tanzania ni kitu cha kujaza mchanganyiko, si jina la kuandikwa juu ya pakiti. Kenya, yenye chai mara nyingi zaidi, huingia mnadani na jina lake. Tanzania, ambayo mavuno yake ya mwaka hayajafika tani 40,000, huingia na uzito wake tu. Katika miaka ya karibuni wako wakulima Rungwe waliong'oa chai wakapanda parachichi. Hesabu yao si ya kipumbavu; mti ulipao hupandwa, na usiolipa hung'olewa. Lakini kichaka cha chai kitunzwacho chaweza kuishi zaidi ya nusu karne, na aking'oaye hawezi kukirudisha kwa msimu mmoja. Mwuzaji mwenye mnunuzi mmoja si mwuzaji, ni mwombaji. Laiti Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zingekuwa na migahawa inayoshindana kwa jani, mkulima angekuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mlango huo usingekuwa mpana kama wa Mombasa. Lakini mtu mwenye milango miwili husema kwa sauti nyingine.

Yako pia malalamiko ya wazee juu ya vijana, nayo yafaa kupimwa. Vijana wanaotoka vyuo vya Mbeya na Iringa wakifika Dar es Salaam au Nairobi hutafuta ile chai baridi ya maziwa yenye tembe nyeusi, waiitayo boba, na hulipa kwa bilauri moja fedha ambazo zingenunua chai ya wiki nzima barazani. Wazee husema huo ni ulimbukeni. Yafaa wasubiri kidogo. Kinywaji hicho kilizaliwa Taiwan katika miaka ya 1980, na maduka mawili, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, yaligombea heshima ya kukibuni mpaka kesi yao ikaisha mwaka 2019 pasipo mmoja kuitwaa haki hiyo peke yake. Tembe zile ni nini? Ni wanga wa muhogo. Na Taiwan aghalabu huununua wanga huo Thailand. Kwa hiyo watu wa kisiwa walichukua chai, maziwa na muhogo, na muhogo wenyewe si wao, wakafanya kitu kinachotafutwa katika miji mikubwa ya dunia. Nyanda za Juu zina chai ya Rungwe na Mufindi, zina maziwa ya Tukuyu na Iringa, na muhogo hulimwa Kyela kando ya Ziwa Nyasa. Vitu vyote vitatu vimo katika safari ya siku moja. Kijana atafutaye boba hakukosea kutamani; amekosewa na waliomwacha akue kati ya vitu hivyo vitatu bila ya kuona hata mara moja mtu akivichukua kwa uzito. Wala haifuati kwamba Mwanjelwa iige Taichung. Inafuata kwamba Mwanjelwa ijiulize kwa nini haijabuni chake.

Lawama kubwa, hata hivyo, haiwaendei mama lishe wala vijana. Inawaendea wasomi. Mbeya na Iringa ni miji ya vyuo. Kila mwaka hufanyika humo semina na makongamano juu ya kilimo, thamani ya mazao, utambulisho na utamaduni. Na kila kongamano lina saa ya chai. Saa hiyo ikifika, wajumbe waliotoka kusema juu ya uzalendo wa uchumi hupanga mstari mbele ya pipa la maji vuguvugu, wakachovya vifuko vya jina la kigeni, wakarudi ukumbini kumalizia mada. Hapana aulizaye. Mtu awezaye kutaja kosa la kisarufi katika ukurasa wa 200 hawezi kutaja kosa lililo mkononi mwake. Huko Ngwazi, Mufindi, watafiti wamefanya kazi kwa miongo mingi juu ya maji, mbolea na aina za miche. Mkulima ameboreshewa shamba kwa elimu, kisha tunda la elimu hiyo limefika mezani pa wenye elimu likiwa uzi na karatasi. Elimu iliyokoma kabla ya kufika kinywani haijakamilika.

Tiba haihitaji sheria mpya, wala mfadhili. Chuo kimoja kikiandika katika mkataba wa mgahawa wake kwamba chai itanunuliwa Rungwe au Mufindi, kwa jina la kiwanda na mwezi wa kukaushwa, na kwamba itapikwa kwa zamu fupi badala ya kulazwa chupani, wanafunzi elfu kadhaa watapata kikombe cha kulinganishia, na kila mmoja atakwenda nacho kwao. Mwenye mgahawa akiandika ukutani "Chai ya Rungwe" kama mwenziwe aandikavyo "Wali wa Kyela", atakuwa amejifunga kwa jina, na mteja atakuwa na haki ya kumdai. Kiwanda kikiuza kilo chache mlangoni pake kwa mama lishe, kwa bei ya haki, kitapoteza muda kidogo na kupata watetezi wengi. Na mteja, ambaye nguvu zake husahauliwa kuliko za wote, awe na ujasiri wa kurudisha kikombe kibaya kama arudishavyo wali wenye mawe. Kurudisha si jeuri. Ni kumheshimu mpishi kwa kuamini kwamba aweza vizuri zaidi.

Watasema watu kwamba haya ni mambo madogo, na nchi ina mambo makubwa. Kila jambo kubwa hukaa ndani ya jambo dogo lililozoewa. Watu waliozoea kupeleka nje kilicho chema na kubakiza mabaki hawatakuwa na mazoea mengine siku ya kugawana madini, au mbao, au vitabu. Mwenye shamba anywaye taka ya shamba lake amekwisha kubali, kila asubuhi kabla jua halijapanda, kwamba kilicho bora si cha mtu kama yeye. Funzo hilo hurudiwa siku 365 kwa mwaka, kwa sukari, na mtoto akiwa ameketi kando akitazama. Na aulizwe basi, kesho asubuhi, pale Ipogolo na Uyole, mtu aliyesimama mbele ya chupa: hii ni chai ya wapi? Akijibu kwamba ni chai tu, aulizwe tena.